Kabati Nililolijenga Koridoni

Rehema mwanangu,

Umeshuka kwa Mama Ndanu kuaga, na nawajua nyinyi wawili, hamtamalizana upesi. Nimekaa jikoni, mwanga wa jioni bado upo, na milima ya Iveti naiona vizuri kutoka hapa nilipo. Mizigo yako iko mlangoni. Mambo ya gesi, ya kufunga mlango na ya watu wa kuwaepuka huko Mlolongo, shangazi yako Amina ameshakwambia, na mengine ameyarudia mpaka ukacheka. Mimi sitayagusa.

Kuna jambo moja ambalo miaka hii yote mimi na wewe tumelipita kimya kimya, kama watu wanaopishana kwenye ngazi. Baba yako ni fundi mbao. Mji huu wote ulinijua kwa makabati. Na nyumba hii haina kabati hata moja, ina ukuta tu na matundu ya skrubu niliyoyaziba vibaya kwa simenti. Hujawahi kuniuliza habari hizo, ila siku moja tu, na siku hiyo sikukujibu. Nataka nikujibu kabla hujaondoka.

Tulipohamia fleti hii ulikuwa hujaanza shule. Chumba cha kulala, sebule, jiko na ile korido nyembamba inayounganisha vyote. Tulikuwa watu watatu, lakini vitu vilikuwa vya watu kumi. Mama yako alikuwa anauza leso na madera kutoka humu humu ndani, mabunda yake yamepangwa mpaka juu ya sofa. Mimi nilikuwa na mbao na vyombo vyangu vya kazi. Na bibi yako Susu, kila akija kutoka Muthetheni, analeta gunia la kunde na lingine la mahindi, na ukimwambia hakuna pa kuweka anasema, "Mutua, chakula hakikosi mahali." Mpaka leo ananiita Mutua, hilo la Musa halijawahi kuingia masikioni mwake.

Mama yako alikuwa anapika akiruka ndoo. Siku moja akaniambia, "Wewe unawatengenezea watu wote wa Machakos. Mimi mkeo nitatengenezewa na nani?" Hakuwa amekasirika, alikuwa anacheka. Jumapili ile nikamwekea rafu juu ya mlango wa jikoni. Akapanga sufuria zake, akasimama chini akaziangalia, akaniita niziangalie naye. Nakuambia hili ili ujue kwamba halikuanza vibaya.

Baada ya hapo nikatengeneza droo chini ya kitanda, ndefu, zenye magurudumu, na mabunda ya leso yakaingia yote. Nikakutengenezea kitanda chako juu ya kabati la nguo, na kingazi cha kupandia, na wewe ukawaringia watoto wa chini kwamba unalala ghorofani. Mama Ndanu akaja kuona, akataka kama hizo. Akamwambia dada yake, dada yake akawaambia watu wa Syokimau, kule fleti mpya zilikokuwa zinajengwa, vyumba vidogo na kodi kubwa. Simu ikaanza kulia. Na kila mteja aliyeniuliza, "Fundi, una picha?" nilikuwa namwambia, "Picha ya nini? Njoo nyumbani kwangu uone."

Nyumba yetu ikawa duka la maonyesho. Watu nisiowajua wanaingia na viatu, wanafungua droo, wanagongagonga mbao kwa vidole. Mama yako alikuwa anaacha alichokuwa anafanya, anasimama pembeni, anatabasamu. Mara nyingine nilimwambia, "Zuhura, hebu waonyeshe zile za chini ya kitanda," naye anainama na kuvuta droo, na nguo zake za ndani ziko humo, na mwanamume mgeni amesimama anaangalia. Hakuwahi kunigombeza mbele ya watu. Wakishaondoka ndipo anaenda kukaa ukingoni mwa kitanda, kimya. Nilikuwa nauona ule ukimya, lakini nilidhani ni uchovu.

Sikujua mahali pa kuacha, mwanangu. Nikiona ukuta mtupu, mkono unaniwasha. Nikajenga rafu za viungo mbele ya dirisha la jikoni, hili hili ninalolitazama sasa. Mama yako akaingia na beseni lake la unga akasimama.

"Musa, mlima umeupeleka wapi?"

"Mlima uko pale pale. Si unaweza kutoka nje ukauangalia?"

"Natokaje nje na mandazi yako jikoni?"

Sikuziondoa. Zilikuwa zimetoka vizuri mno.

La mwisho lilikuwa la koridoni. Mteja mmoja wa Syokimau alitaka kabati la viatu na mashuka, kutoka sakafuni mpaka dari, na mimi nikasema nitalijaribu kwanza kwangu. Nilitoboa zege, nikatia skrubu ndefu za chuma, zile wanazofungia mageti. Nilipomaliza nilining'inia juu yake kwa mikono miwili, likabaki limesimama. Korido ilikuwa imebaki ya mtu kupita kibega. Mama yako akapita, akarudi, akapita tena.

"Mtu mnene hapiti hapa," akasema.

"Kwani mnene ni nani humu ndani?"

"Mimi nitanenepa. Nitazeeka pia."

"Ukizeeka nitalipunguza."

Akacheka. Ndivyo alivyokuwa, ukimpa jibu la mzaha anakuachia. Ningetamani siku ile angenigombeza.

Sasa nakuja kwenye Jumamosi yenyewe. Wewe ulikuwa shuleni, kule ng'ambo ya Kithyoko. Uliambiwa mama yako aliugua ghafla akafia hospitali. Ni kweli, lakini katikati pamerukwa, na aliyeruka ni mimi.

Tulikuwa tumemaliza chai ya asubuhi. Alisema kichwa kinamgonga, akaenda chumbani kujinyoosha. Presha yake unaikumbuka. Mimi nikabaki sebuleni napiga msasa mguu wa kiti. Nikasikia kitu kimeanguka. Nikamwita, hakuitika. Nikasukuma mlango wa chumba, ukafunguka kidogo ukagota. Mlango ule haukuwa unafunguka wote tangu nilipoweka kabati nyuma yake, tulishazoea kuingia upande. Safari hii mama yako alikuwa ameangukia pale pale katikati ya kitanda na kabati, na mwili wake umeuzuia. Niliingia kwa kujikamua. Macho yalikuwa wazi. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka. Alikuwa anajaribu kusema na sauti haitoki.

Nilipiga kelele dirishani. Mutiso wa ghorofa ya chini alipanda mbio, na wanawe, na vijana wengine wawili. Mama Ndanu ndiye aliyepiga simu, na ambulensi ilifika upesi, siwezi kusingizia ambulensi. Wahudumu wawili walipanda na machela, wakaingia mlango mkubwa, wakafika koridoni, wakasimama.

Haikupita. Waliijaribu ikiwa imelala, wakaiinua upande, wakajaribu kuikunja kona ya chumba. Yule mkubwa wao akanigeukia.

"Mzee, hii kitu inatoka?"

Nikasema inatoka. Nikachukua mtaimbo wangu, nikauingiza nyuma ya kabati, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Mutiso naye akashika, tukavuta wawili. Mbao zikalia, lakini halikung'oka. Mutiso akasema, "Musa, wacha. Hii haitatoka leo." Nami nikaendelea kuvuta. Nilikuwa nimejisifu kwa watu wote kwamba makabati yangu hayaondoki ukutani, na sasa nalitukana, nalipiga mateke, na mama yako amelala ndani ananisikia.

Mhudumu ndiye aliyenishika mkono. "Niko na mgonjwa hapa, si kabati. Nipeni blanketi."

Blanketi lilikuwa kwenye droo ya chini ya kitanda, na droo haifunguki kwa sababu yeye yuko mbele yake. Mama Ndanu akakimbia kwake akaleta la kwake. Walimviringisha, wakamwinua watu wanne, lakini watu wanne hawaenei koridoni, kwa hiyo walimpitisha wawili wawili, kichwa kwanza, miguu ikiburuzika kwenye milango ya kabati. Mlango mmoja ukafunguka, viatu vikamwagika juu yake. Nilikuwa nyuma naviokota. Sijui kwa nini niliokota viatu. Watu wanamshusha mke wangu ngazi, mimi nimeinama naokota viatu.

Alifariki alasiri. Daktari, kijana mpole, aliniambia damu ilikuwa imemwagika kichwani na pengine hata angefikishwa mapema isingebadilisha kitu. Nilimuuliza, "Pengine?" Neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo. Sikuandikii uniambie si kosa langu, mwanangu, wala uniambie ni kosa langu. Hakuna anayejua, na kutojua kwenyewe ndiko kulikonibakia.

Tulimzika kesho yake asubuhi. Amina na wenzake walimwosha. Mvua ilikuwa imekata barabara ya shuleni kwenu, na mjomba wako alipokufikisha jeneza lilikuwa limeshatoka. Nakukumbuka umesimama mlangoni na sare ya shule, matope mpaka magotini, unauliza, "Wamekwenda?" Ukapita koridoni upande, kama tulivyozoea wote, ukaenda kulala kwenye kitanda chake.

Ulikaa kidogo ukarudi shule. Siku uliyorudi, nilichukua msumeno.

Lile la koridoni lilinichukua kutwa nzima. Nililikata vipande kwa sababu skrubu hazikukubali. Nililia, na sitakudanganya kwamba nilikuwa namlilia mama yako peke yake. Nililia kwa hasira, kwa sababu kila nilipokata nilikuta limeungwa vizuri. Kisha nikalikata la nyuma ya mlango. Kisha rafu za dirishani. Kisha kitanda chako. Kisha ile ya kwanza kabisa, ya sufuria. Sikubakisha. Mbao nikazishusha nyuma ya nyumba nikazichoma, na Mutiso akaja akasimama nami moto ukiwaka.

Lakini ukivunja kabati, vilivyokuwa ndani vinabaki. Nyumba nzima ilijaa vitu vyake sakafuni. Madera yake, leso zake, vikuku, chetezo chake cha udi, kofia ulizosuka ukiwa mdogo akaziweka, picha zenu, ile mikeka aliyoletewa na mama yake kutoka Mombasa. Sikuweza kukanyaga bila kumkanyaga. Kuna mama mmoja wa mitumba anayeuza soko la Katangi, nikampigia aje na magunia. Niliyajaza kwa koleo, Rehema. Sikuangalia naweka nini.

Amina alinikuta magunia yakiwa ngazini.

"Musa, na mtoto je? Umemwachia nini?"

Nikamwambia, "Rehema bado mdogo, atasahau."

Ulikuwa kidato cha pili. Ndilo neno baya kuliko yote niliyowahi kusema maishani, na nililisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza misumari.

Likizo ilipofika ukaja. Ulifungua mlango ukaona korido pana. Ulitembea katikati yake, mikono umeinyoosha pande zote mbili hugusi kitu, nikadhani umefurahi. Ukaingia chumbani, ukatoka, ukaingia jikoni.

"Baba, vitu vya mama viko wapi?"

"Nimevitoa."

"Vyote?"

Nikasema nina kazi Mua, nikatoka. Hukuuliza tena. Jioni niliporudi ulikuwa umelala kwenye godoro sakafuni, na sanduku lako la bati la shuleni umelifunga kwa kufuli, ufunguo umeuvaa shingoni. Tangu siku hiyo kila kitu chako kiliishi mle ndani. Mswaki wako. Hata sahani na kikombe chako. Ukimaliza kula unaviosha, unavifuta, unavifungia. Nilielewa vizuri sana unamficha nani.

Nilienda Katangi. Hili hulijui. Ile miezi niliyokuwa nikikuambia naenda kununua mbao, nilikuwa naenda siku za soko kutafuta. Yule mama wa mitumba aliniambia vitu vilishakwenda, vya aina ile haviketi. Nikawa nazunguka kwenye vibanda kama mwendawazimu, nafunua nguo za watu. Siku moja, kwenye vitunguu, nikaona mgongo wa mama yako. Lile dera la kijani lenye maua meupe kwenye pindo, alilolivaa Idi ya mwisho. Mwanamke mfupi, amejifunga kitambaa, mtoto mgongoni, anachagua vitunguu kimoja kimoja.

Nilimfuata mpaka kwenye kona ya posho mill ya kusagia mahindi. Akageuka, akaniangalia kwa wasiwasi.

"Baba, unataka nini?"

"Hilo dera, mama..."

"Nilinunua hapa hapa. Sikuiba."

"Hapana, sisemi uliiba."

"Sasa?"

Mtoto alikuwa amelala, shavu limebanwa kwenye lile ua jeupe, mate yamelowesha kitambaa. Ningeweza kumwomba. Ningemnunulia mengine matatu, na pengine angekubali. Nikafungua mdomo, nikasema, "Linakupendeza." Akaguna, akaenda zake. Nilirudi Machakos, ukaniuliza kama nimepata mbao, nikasema bei imepanda.

Kwa hiyo usidhani nilikukosea mara moja. Kwanza nilijaza nyumba mpaka mama yako akakosa njia ya kutoka. Halafu nikaiondolea kila kitu mpaka wewe ukakosa njia ya kurudi kwake. Zote mbili ni mkono huu huu, na zote mbili nilidhani natengeneza nafasi.

Kazi ya makabati niliiacha. Natengeneza milango na vitanda, na majeneza ya jirani zetu Wakristo, unaona mwenyewe jinsi maisha yalivyobana. Wateja wa Syokimau walipiga simu mwaka mzima, kisha wakanyamaza. Susu aliponiuliza mbona sifanyi tena zile za pesa, nilimwambia mgongo unauma.

Mimi na wewe tumeishi. Hatukugombana, na hilo labda ndilo lililokuwa baya zaidi. Tulikuwa tunasalimiana vizuri, unanipakulia chakula, nakulipia chuo, unaniambia asante baba. Kwenye sebule tupu sauti zetu zilikuwa zinarudi.

Juma lililopita tulipoenda Mlolongo kuona chumba chako, karibu na zahanati utakayofanyia kazi, nilihesabu hatua chache tu kutoka mlangoni mpaka ukutani. Chumba kimoja, jiko kwenye kona, choo nyuma ya pazia. Ulikuwa na furaha. Ulikuwa na futi yangu mkononi, unapima, unaandika kwenye simu.

"Baba, hapa juu ya kitanda unaniwekea rafu mpaka dari. Hapa nyuma ya mlango, kabati jembamba. Na hapa karibu na mlango wa kutokea, la viatu. Hakuna nafasi itakayopotea."

Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi. Ukanifuata, ukasema polepole, "Sawa, baba, kama hutaki nitatafuta fundi mwingine." Sauti yako haikuwa na hasira. Ilikuwa ya mtu aliyezoea kutopata.

Nataka, Rehema. Nilitoka nje kwa sababu nilisikia sauti yangu ya zamani ikitoka kinywani mwako, na nikaogopa.

Jumapili nitakuja na mbao. Nitakujengea rafu kwenye ukuta wa upande wa pili, kuanzia sakafuni mpaka usawa wa mkono wako, ili siku ukiwa mgonjwa usipande juu ya kiti kutafuta kitu. Juu ya kichwa unapolala sitaweka chochote. Chini ya kitanda nitaweka droo, ila blanketi litakaa kwenye kiti, mahali linapoonekana. Dirisha lako linaangalia ukuta wa jirani, najua, lakini hata hilo sitaliziba. Nitakutengenezea na sanduku la mbao la vitu ambavyo hutaki mtu aviguse, nami sitauliza kilichomo. Litakuwa na kufuli, na ufunguo mmoja tu.

Pale karibu na mlango sitajenga kitu. Utanung'unika kwamba nafasi inapotea bure, na wenzako wakija watakuonyesha mahali panapofaa rafu. Waache waseme. Wakizidi kukuuliza kwa nini ukuta ule ni mtupu, waambie fundi hajamaliza kazi.

Baba yako,
Musa